Rangi ya Norman

Tuliinunua ikiwa imevaa krimu,
rangi ya mpira, tabaka nne,
kama mtu aliyevalishwa makoti ya mvua
akaambiwa lala nayo.
Ndani, nyuma ya kabati la Mwanahija,
ukungu mweusi ulikuwa unausoma ukuta
mstari kwa mstari.
Tofali hupumua, alisema Kershaw wa duka la vifaa,
ukiliziba pua litatoa jasho kwa ndani.
Nikacheka. Nikaenda nikaugusa ukuta.
Sikucheka tena.

Leteni mashine ya mchanga, wakatushauri,
asubuhi moja, kazi kwisha.
Nikaenda mtaa wa tatu kutazama alikopita mwenye mashine:
matofali yamechunwa ngozi ya tanuri,
yanapukutika ukipitisha kidole,
mekundu kama goti la mtoto aliyeanguka.
Sikutaka.

Basi tukajaribia pembeni, karibu na bomba la choo,
kipande cha ukubwa wa sinia.
Dawa nzito, ya kupaka kwa mwiko,
unene wa chapati mbili. Unaifunika nailoni,
unakwenda zamu ya usiku hospitalini,
unarudi macho yamevimba, unashika ncha,
unavuta,
na rangi inakuja nayo
kama utando wa maziwa.

Haikuja yote. Sijui nani aliyesema hutoka yote.
Ile ya chini kabisa, ya kijani, ilijificha vishimoni,
tukaifuata kwa mvuke na mswaki,
Aprili, Mei, Juni,
na mvua ya Bolton haina adabu,
haibishi hodi wala haiagi.

Bibi Entwistle wa ng'ambo ya barabara
alikaa dirishani na kikombe chake.
Wiki ya kwanza, kimya.
Ya pili alivuka na biskuti.
Ya tano, tulipofika chini ya dirisha la sebule,
alivuka mikono mitupu.
"Hapo," akasema, "mtaona."

Tukaona.
Kiraka, upana wa mlango,
matofali ya njano ya kiwanda kingine,
saruji iliyojazwa na mtu mwenye haraka
au hasira, au aliyekuwa analia:
mkono huwa ni uleule.
Lori la makaa, akasema. Sabini na moja. Barafu.
Dada yake Norman alikuwa humo ndani anafuma.
Hakufa, hapana,
ila hakuketi tena chumba kile,
na kila akirudi sokoni
alivuka upande wangu ili asikipite kiraka.
Norman akanunua rangi.
Kukipaka kiraka peke yake ni kukinyooshea kidole.
Akapaka nyumba nzima.
Ikififia, anarudia.
"Ya mwisho aliipaka dada ameshazikwa.
Nikamwuliza, ya nini sasa?
Akasema, mkono umezoea."

Nilishika mwiko, sijui niuweke wapi.
Nikamwuliza kama tuache.
Akatazama juu, tulikokwisha kumaliza,
akatazama dirisha la mwanangu.
"Yule mtoto bado anakohoa?"
Anakohoa.
"Basi."
Akainama, akaokota gamba moja lililoanguka,
akalitazama ubavuni, akahesabu kwa ukucha:
kijani, nyeupe, nyeupe, krimu.
Akalifunga kwenye kitambaa cha pua, akavuka.

Julai ukuta ukakauka.
Kwenye tofali moja, usawa wa kiuno,
kuna alama ya kidole gumba
cha mtu aliyelibeba kabla halijaenda motoni,
na Mwanahija hukitia chake humo akienda shule,
hakienei, bado ni kidogo.
Kiraka kipo. Mvua ikinyesha
matofali yote huwa meusi, chenyewe hubaki njano.
Mleta barua alisimama, akakitazama,
akauliza kulikuwa na nini pale.
"Lori," Mwanahija akamjibu,
akapokea barua.