Toleo la Kumi na Saba

Mchana naandika vyeti vya kuzaliwa, afisi ya Wete,
na najua herufi moja ikikosewa
mtu huishi nayo mpaka akazikwa.
Usiku, watoto wa dada wakishalala,
nahariri *Baiti*.

Mama husikia "beti",
hudhani nimerudi kwenye mashairi,
hufurahi.
Kisha huuliza: wanakulipa ngapi?
Hawalipi, mama.
Na hao wanaokuandikia?
Nao hawalipwi.
Basi ni sadaka?
Nasema labda. Nasema ngoja nimalize ukurasa wa nne.

Faili moja, megabaiti mbili, isizidi hapo,
maana wapo wanaoipokea kwa bando la mia tano
na wapo wanaoipata kwa flashi iliyopita mifuko sita.
Kwa hiyo picha ya jalada naibana, naibana,
hata kompyuta aliyoichora Mkasi
imekuwa kama kiporo cha boko boko.
Mkasi amenuna. Namwelewa.

Bikombo aliahidi makala ya kufufua laptopu kongwe:
"Jumapili, inshaallah."
Jumapili ipi, hakusema.
Mbarouk wa Chake ameleta maneno elfu mbili
juu ya feni. Feni tu.
Nimeyapunguza hadi mia nne
na feni bado inazunguka.

Halafu Kombo wa Kangagani, miaka kumi na mitatu,
kila mwezi ana suali:
kompyuta husikia baridi?
Ikizimwa, huota?
Namjibu yeye kwanza kuliko wote.

Na usiku wa kufunga toleo, saa sita kasoro,
Shaame Faki, karani mstaafu wa Micheweni,
analeta somo la kusafisha kompyuta
kwa beti saba, na chini yake onyo:
"Usin'katie hata neno. Ukikata, vina vyamwagika."

*Zima kwanza swichi yake, ndipo ufungue kasha,*
*Vumbi lote liondoke, ila usije kuosha,*
*Kapasita usishike, ikivimba imekwisha,*
*Haraka isikuteke, kompyuta hukukomesha.*

Nasoma nikicheka.
Nasoma tena, kicheko kinakauka.
Swichi?
Swichi peke yake?
Na umeme uko pale pale ukutani,
umelala jicho moja wazi,
na Kombo ana bisibisi ya babake.

Hapo ndipo umeme wa mtaa mzima ukakatika.
Betri asilimia kumi na tisa.
Nahesabu kwa vidole juu ya foronya:
*Chomoa plagi.* Tano.
*Ng'oa waya ukutani.* Nane, lakini kina kimekufa.
Asilimia kumi na moja.
Mbu ananisomea sikioni.
*Waya kwanza uchomoke.*
Nane.
Na *ke* yake mahali pake.

Nikampelekea. Alama mbili za buluu,
kisha kimya, siku mbili,
toleo limekaa mlangoni limevaa viatu.
Siku ya tatu akajibu:
"Nimeusoma kwa sauti. Umekaa.
Lakini ubeti huo weka jina lako wewe,
mtu akipigwa na umeme aje kwako."

Mimi, niliyeandika majina ya Wete nzima,
matoleo kumi na sita sijawahi kuandika langu.
Nikaliweka, kwa herufi ndogo kabisa,
nikabonyeza *tuma*,
nikalala na miwani usoni.

Asubuhi, afisini, baba mmoja ananitajia pacha wake,
simu inatetema chini ya daftari.
Kombo.
"Nimechomoa waya kama mlivyosema.
Vumbi nimelitoa lote, sikuosha.
Nimefunga kasha.
Sasa haiwaki kabisa.
Shairi linasemaje baada ya hapo?"

Nikazipitia beti zote saba, kidole kwa kidole,
baba wa pacha akinisubiri.
Hakuna mahali tuliposema aurudishe.