Fonti ya Ndewirwa

Jumatatu, kabla ya chai, nilifungua ramani za Kibosho
na kompyuta mpya ikanijibu kwa adabu ya karani:
fonti haipo, imewekwa nyingine.
Hiyo nyingine ilikuwa nene, ya mabango ya duka la nondo,
na nyumba nzima ikavimba.
CHUMBA CHA KULALA kikatoka mlangoni hadi koridoni,
JIKO likapanda ukutani,
CHOO kikabaki CHO,
vipimo vikalaliana kama vifaranga kwenye boksi.

Nikafungua faili moja moja.
Zahanati ya Same ina fonti nne.
Hosteli ya Pasua, sita, moja ya kadi za harusi.
Kila aliyepita ofisi hii,
ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi,
aliazima mchoro kwenye mradi wa jana
akaubandika kwenye wa leo,
na mchoro ukaja na nguo zake.
Hakuna aliyeuliza. Sisi tulipima kuta.
Maneno tuliyaacha yajipange yenyewe.

Lakini chini ya zote, jina moja: Ndewirwa.
Nilimkuta miezi mitatu tu kabla hajastaafu,
koti la kijivu, rula mfukoni,
mtu wa kukurudishia karatasi kwa ajili ya nukta.
Herufi zake alizichora kwenye tresingi
enzi za kalamu ya wino, akanyoosha kila mguu,
kisha kijana fulani akazigeuza fonti
mkono ulipoanza kutetemeka.
A yenye paa la mgongo mmoja.
S iliyoinama kidogo, kama anayesoma mita ya maji.
Saba yenye mshipi, ili fundi asiione moja.

Nilimpigia. Yuko Marangu, anapogolea kahawa.
"Fonti?" akasema. "Ipo kwenye flashi."
"Flashi ipi?"
"Ile ya kwaya."

Nikaipata kwa katibu wa usharika,
kati ya nyimbo za Pasaka na picha za harambee:
kilobaiti arobaini,
mkono mzima wa mtu.
Nikaipakia kwenye kompyuta saba.
Vyumba vikarudi vyumbani. CHOO kikapata O yake.
Nikatengeneza kiolezo kimoja kwa miradi yote,
maandishi milimita mbili na nusu, vichwa tano,
nikaandika ukutani kwa makapeni:
HAKUNA KUAZIMA MCHORO BILA KUUVUA NGUO.
Eliufoo alicheka mpaka chai ikampalia.

Alhamisi, Kessy akapiga kutoka saiti.
"Dada Anaeli, hapa kwenye nondo,
badala ya lile duara lenye chale
kuna kijisanduku, halafu kumi na mbili.
Humo kwenye kijisanduku niweke nini?"

Alama ya kipenyo haikuwemo.
Haikuwahi kuwemo.
Nikatoa ramani za zamani kabatini, nikainua moja dirishani:
kila duara ni la wino, la mkono,
aliliongeza baada ya printa kumaliza,
karatasi kwa karatasi, miaka yote ile,
na kwenye zile za mwisho duara linayumba kama yai.
Hakumwambia mtu.

Nikabaki ofisini, wenzangu wakishafunga.
Harufu ya kahawa ikapanda kutoka kiwandani.
Nikachukua O yake,
nikaipunguza unene ubavuni,
nikaitia mstari mmoja, kwa mteremko ule ule wa S.
Wa kwanza ulikuwa wangu mno. Nikafuta.
Wa tano ulikuwa wizi wa mchana. Nikafuta.
Wa tisa nikauacha.

Sasa alama ipo katika miradi thelathini na mmoja,
imesimama kati ya herufi zake
kama mtoto wa kufikia aliyekwisha kuzoea meza.
Nani ataitambua? Labda yeye, akivaa miwani.

Jumatatu nyingine. Simu ipo mezani.
Kessy hajapiga.