Gundi ya Muhogo

Mimi nashona vitabu. Sihubiri.
Kibanda changu kiko Arua, nyuma ya soko,
kati ya fundi redio na mama muuza dagaa,
na gundi naipika mwenyewe, ya unga wa muhogo,
ndiyo maana mende huyapenda maandiko kutushinda sisi.

Jumanne walikutana hapa wawili:
katekista Drandua, kitabu chake kimevunjika mgongo,
na Ustadhi Kenyi, chake kimelowa kwa paa bovu.
Nikawaambia gundi haijakauka, ketini.
Wakaketi. Kumbe nimekoka moto.

Drandua alianza: "Neno halina sumu.
Sumu iko kwenye ulimi wa msomaji.
Mgonjwa wa homa huiita asali chungu."

Ustadhi akacheka kidogo, akakuna ndevu:
"Na watu elfu wakiugua homa moja
kwa mstari ule ule, kizazi hadi kizazi,
hatuendi kupima kisima?"
Nilidhani yeye angetetea. Ndiye aliyeuliza.

"Unakufuru!"
"Nauliza."
"Kuuliza hivyo ni kukufuru kwa mguu mmoja."
Wakapandishana: tafsiri, muktadha, lugha ya asili,
vita gani ile, nani alikuwa akiambiwa nani,
mpaka fundi redio akapunguza sauti ya mpira
awasikie vizuri.

Hapo Ayikoru wa dagaa, ambaye herufi hazijui,
akasema bila kuacha kupima kopo lake:
"Mwanangu Onzima alifukuzwa kwa babaye
kwa mstari mmoja. Ulisomwa mlangoni, kwa sauti,
na mtu mwenye miwani, neno kwa neno.
Hakuruka hata nukta.
Sasa niambieni, nyinyi wasomi:
alisoma vibaya, au alisoma vizuri mno?"

Pikipiki ilipita. Vumbi jekundu
likaja kukaa juu ya gundi yangu.

Usiku, kwa taa ya sola, nikavifungua.
Mshona vitabu hasomi, hupapasa.
Ukingo wa karatasi huweka kumbukumbu ya vidole.
Katika kitabu cha Drandua, ukurasa wa ghadhabu
ni mweusi kama kitako cha sufuria, pembe zimelainika;
ule wa mgeni kupewe maji
umegandana na mwenzake, haujafunguliwa tangu kiwandani.
Nikafungua cha ustadhi.
Sitasema niliona nini. Vidole ni vidole.

Basi ni msomaji, nikasema, katekista kashinda.
Nikanywa chai yangu.
Kisha chai ikapoa mkononi, maana ghadhabu ile
haikuandikwa na vidole.
Ilikuwemo, kwa wino mzuri, ikingoja.

Nikachukua kisu, nikaziachanisha zile mbili
polepole, kama unavyofungua asubuhi
kope za mtoto anayeumwa macho.
Ule mweusi sikuukata. Mkono ulitaka.
Lakini ukitoa karatasi moja, pacha wake upande wa pili
hudondoka naye, na sijui pacha wake anasema nini.

Kesho watanilipa elfu tano tano.
Ya kisu sitawatoza, wala sitawaambia.
Ayikoru ataniuliza, najua, macho yake yako kwenye kopo,
nami nitajibu gundi bado mbichi.

Kitabu changu mwenyewe kiko pale juu, kwenye rafu.
Ukingo wake sijaukagua.