Mstari wa Saba

Daftari la wafanyakazi lilikuwa na mistari kumi na mmoja.
Niliipiga mwenyewe kwa rula na kalamu ya buluu:
daktari, mkunga, Shaame wa maabara,
Bi Time anayefagia, mlinzi, dereva wa gari ya wagonjwa.
Mstari wa saba, jina langu, na mbele ya jina
kisanduku kitupu, cheupe
kama jicho la samaki wa kuchemsha.

Miaka kumi na tisa nachanja watoto wa Konde.
Surua, pepopunda, kifaduro, matone ya polio.
Nimeshika mapaja laini kama donge la andazi lililoumuka,
nimewaambia wote, "Haiumi, mwanangu, haiumi,"
na sindano ishaingia, ishatoka,
kilio hakijapata njia.

Ikaja zamu ya mkono wangu.
Wiki ya kwanza nikasema nina mafua.
Ya pili, nimefunga sunna.
Ya tatu, presha.
Ya nne hakuna aliyeuliza.

Usinicheke. Karatasi ya kichupa naijua
kama wewe uijuavyo Alhamdu.
Lakini binamu yangu aliyeko Maskati
alinitumia sauti usiku, dakika sita,
analia, anamtaja mtu nisiyemjua,
na mie tumbo hili lishawahi kumpoteza mmoja
wa miezi mitano, bila sababu iliyoandikwa popote.
Barua ya wizara ilisema *mnatakiwa*.
Haikuuliza *mnaogopa nini*.

Msimu wa karafuu, ukingo wote wa barabara majamvi,
akaja Mize Faki, vidole vimepiga weusi kwa kuchambua.
Mamake yuko nyumbani, kifua kinalia filimbi.
Akapandisha mkono wa baibui, akasita:
"Na wewe, Bi Zuwena, ushachanjwa?"

"Nishachanjwa."

Akanipa bega.

Mize alilala salama usiku ule.
Aliyepata homa ni mie.

Asubuhi nikamkuta Bi Time na boksi la sindano zilizotumika,
analipeleka kwenye tanuri.
Yeye alichanjwa siku ya mwanzo, kabla ya daktari.
"Hukuogopa?"
"Niliogopa, mbona! Nilikwenda chooni mara mbili."
Akalihamishia boksi kwapa la pili.
"Mie nazoa makohozi yenu, mwenzangu. Ningengoja nini?"
Akenda zake. Hakungoja jibu,
na mie sikuwa nalo.

Nikamwita Saumu, mwanafunzi, wiki yake ya pili.
Mkono wake ulitetemeka kuliko wangu.
Akapangusa kwa pamba, akavuta pumzi,
akasema nilichomfundisha mwenyewe:
"Haiumi, Bi Zuwena."

Inauma.
Si sana. Kama siafu mmoja aliyepotea njia.
Lakini inauma,
na mie nimewaapia watoto wa watu
miaka kumi na tisa.

Siku mbili bega lilikuwa zito, nikalala ubavu mmoja,
nikaamka kila saa kujisikiliza.
Hofu haikutoka na pamba. Ilikaa,
ikapungua kama maji ya bwawa kiangazi,
ukingo tu kila siku.

Mize akarudi kwa dozi ya pili.
Nikafunga mlango. Nikasema,
"Siku ile nilikudanganya."
Hakushtuka. "Nilijua. Ulijibu upesi mno."
"Basi mbona ulikubali?"
"Aliyekuwa akikohoa ni mamangu, si wewe."

Nikavunja mfuniko, nikavuta dawa,
nikaugonga ule upovu mdogo hadi ukapanda.
"Itauma kidogo," nikamwambia.
Alikuwa anatazama dirishani.
"Haya piga, piga.
Nina karafuu nje, na wingu lile
silipendi."