Tatu na Nne

Miaka thelathini ubaoni, skuli ya Barani,
niliwaambia watoto: tatu na nne, nne na tatu,
geuza utakavyo, jibu ni saba.

Leo daktari amenigeuzia.
Lali amekaa upande, kofia gotini;
sindano kumi na mbili bado anazikumbuka.
"Yake ni tatu kwanza, kisha nne.
Ingekuwa nne kwanza, mama, tungezungumza mengine."

Nikatoa kalamu nyekundu mkobani,
nikaandika nyuma ya risiti ya maabara:
vipande kumi na viwili, vitano vina ugonjwa.
Tezi dume: neno ambalo nyumbani kwetu
halijapata kuvuka kizingiti.

Njiani hakuuliza. Alinunua viazi karai
kwa yule mama wa Maweni, akalalamikia bei,
akalalamikia na ukwaju.

Usiku, taa imezimwa:
"Mwalimu, nimepata ngapi?"

Saba.

"Juu ya kumi?"

Juu ya kumi.

"Basi nimepasi," akacheka gizani,
nami, nisiyeacha kosa la mtoto wa mtu lipite,
sikusahihisha.