Nobu ya Kati

Msimu ukiisha, vidole vyangu si vyangu.
Vimechuma karafuu mwezi na nusu,
ncha zimekauka, mikunjo imeingia weusi,
na nikiviweka juu ya uzi mnene
hutoa sauti ya panya ndani ya gunia.

Limbani, Wete, chumba cha klabu:
kuta za saruji, bati, dirisha moja.
Arusi kwa kina Shaame imebaki siku tano.
"Besi haisikiki," akasema wa akodiani.
Nikaongeza.
"Besi haisikiki."
Nikaongeza, mpaka vikombe vya chai
vikaanza kutembea wenyewe juu ya meza
na bati likajibu kwa lugha yake.
"Sasa nalisikia bati," akasema.

Nilifanya yote afanyayo mtu mwenye hasira.
Nilizidonoa nyuzi kama kuku mwenye njaa.
Nilizivua, nikazichemsha katika sufuria ya Mize,
ile ya wali wa wageni,
zikatoa jasho la miaka mitatu,
maji yakawa chai ya rangi.
Mize hakusema neno.
Alinunua sufuria nyingine
akaniachia ile, pamoja na maana yake.

Ndipo akaitwa Mkasi binti Faki,
atengenezaye redio na feni nyuma ya soko.
Alikuja na begi la skuli, ndani koleo na waya.
"Piga," akasema. "Bila umeme."
Nikapiga.
Akainama, sikio juu ya mbao yenyewe,
kama anayesikiliza kama mtoto kalala.
"Unabonyeza juu ya chuma. Rudi nyuma kidogo,
upana wa punje ya mchele.
Na huo uzi usioupiga, ulaze,
usiuache ukisema peke yake.
Mkono wa kulia nao, unamgombeza nani?
Gusa kama unavyojaribu pasi ya moto
kwa kidole kilicholoa mate."

Nikagusa.
"Sogea kwenye daraja."
Nikasogea upana wa vidole viwili,
na neno likatoka na herufi zake.

Kisha akaligeukia amplifaya,
zee la Mombasa, nobu mbili na pengo moja:
kushoto ya uzito, kulia ya ukali,
katikati kijiti kitupu cha chuma
kilichopoteza kofia kabla sijajiunga.
"Hii nani huizungusha?"
Tukatazamana, watu tisa.
Akakibana kwa koleo.
"Iko sifuri," akasema,
akakipeleka polepole mpaka penye saa nane.
Ile ya uzito akairudisha chini,
chini, chini ya pale nilipothubutu.
Akalitoa zee kwenye kona
akalipandisha juu ya kreti la soda.

Nikapiga sauti moja.
Bati lilinyamaza. Vikombe vilikaa.
Sauti ikaingia kama mtu apigaye hodi mara moja
na anajulikana ni nani.
Wa akodiani akainua uso, akanitazama
kana kwamba nimefika leo.

Miaka kumi na moja
nilidhani kazi yangu ni kukaa chini ya wenzangu
na kuwa mzito.
Kumbe pale kati, kwenye fidla na koo la mwimbaji,
kiti changu kilikuwepo,
kimejaa vumbi.

Usiku wa arusi hakuna aliyenisifu.
Wanawake walimtunza mwimbaji, noti juu ya noti,
wakamtunza na wa fidla.
Mize alikuwa safu ya tatu, uso mkavu,
akizungumza na jirani yake;
lakini nilikiona kidole chake cha mguu,
chenye hina, ndani ya kandambili,
kinahesabu nami.

Siku hizi kile kijiti kimevaa
kifuniko chekundu cha dawa ya meno.
Kinakaa vizuri.
Hulegea tu
nikipiga kwa hasira.