Filimbi Mbili

Mimi nilikuwa mezani, kidole juu ya saa,
kiti cha plastiki, hatua moja kutoka mstari.
Nje, theluji ya Minnesota imefukia magari hadi vioo.
Sekunde nne zimebaki, tumepitwa pointi moja,
na Kjersti Aasgaard anakuja pembeni na mpira,
anakuja upande wangu, bendeji ya goti imelegea,
na mguu wake wa kushoto
(niliuona)
ukakanyaga nje.

Si unyayo mzima. Kisigino tu,
upana wa sarafu.
Akarusha. Wavu ukasema fyuu,
na ukumbi ukafura kama maziwa yaliyosahauliwa motoni.

Waamuzi walikuwa wawili.
Msimu uliopita walikuwa watatu,
na huyo wa tatu angesimama hapa hasa, mbele ya pua yangu,
ila mwezi wa nane kalamu nyekundu ilimpitia:
dola mia na themanini kwa mechi, na mafuta yake.
Waliomkata walikula kwanza, samaki na viazi.
Najua. Sahani niliziosha mimi.

Arlen Tveit alikuwa ng'ambo, migongo imemziba.
Miaka hamsini na tisa, muuza bima za mavuno,
ameendesha saa tatu juu ya barafu kuja kutukanwa.
Mwenzake, Janelle, wiki yake ya tatu kazini,
alikuwa chini ya kikapu akichunga viwiko, kama alivyofunzwa.
Filimbi mbili, mistari minne.
Hesabu hiyo hata chekechea wangeigomea.

Ndipo skrini ikawaka.
Ile mpya, pana kuliko nyumba niliyokulia,
iliyonunuliwa mwaka ule ule
walipofunga idara ya Kijerumani na kukausha bwawa la waogeleaji.
Wakaurudia ule mrusho kwa shangwe, polepole, mara kumi na moja,
na mara kumi na moja kisigino kikatoka nje
kikubwa kama trekta.
Shangwe ikapungua, ikawa kikohozi.
Upande wa wageni bilauri ya soda ikaruka,
ikampasukia Arlen begani.
Kanuni ya ligi yetu: skrini ni ya mashabiki.
Mwamuzi haruhusiwi kugeuza shingo.

Akaja mezani, analowa, ananuka sukari.
"Saa ilikuwa sawa?"
"Sawa," nikasema.
Aliuliza saa tu. Nilijibu saa tu.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini mwenye macho wa mezani huambiwa nyamaza:
iko katika karatasi niliyotia saini, kifungu cha pili,
juu ya dola kumi na moja kwa saa
ambazo sijawahi kuzishika, zinaingia moja kwa moja
kwenye deni langu la ada.
Ankara ninayo mfukoni, imekunjwa mara nne.
Michezo: elfu moja mia moja na arobaini.
Maktaba: sitini na tano.
Sijawahi kucheza chochote.
Kumbe hata nusu ya pikseli za kisigino kile
nimezilipia mimi.

Kocha Brandvold, anayelipwa kama maprofesa watano,
alipita akinipigapiga bega: "Kazi nzuri, binti."
Msichana wa wageni, namba kumi na nne,
bado ameketi sakafuni anafungua kamba za viatu,
anazifunga, anazifungua.

Nilimkuta Arlen kwenye maegesho
akikwangua kioo kwa kadi ya benki.
Nikashika upande wa pili, kwa kitambulisho changu cha chuo.
Tulikwangua kimya hadi usukani ukaonekana.
"Niliona," nikasema.
Akapuliza vidole.
"Najua. Nilipokuja mezani
nilikutazama uso kwanza, ndipo saa."

Akaingia, injini ikakataa, ikakubali.
Alikuwa na mechi nyingine kesho, Fergus Bluff.
Wawili tena.